Kofia ya Mwanasha

Gazi, Jumamosi, Julai 1956

Kusi linavuma tangu alfajiri na manyunyu hayakatiki. Wateja hawaonekani, nani aje kupimwa kanzu na matope haya? Nimefunika cherehani, nimevuta kiti karibu na mlango, na ninaandika. Leo nimecheka, nimeogopa, na nimeshindwa hoja na mke wangu, na magharibi bado haijaingia.

Yote ni kwa ajili ya kofia.

Binti yetu Mwanasha ana miaka saba, na tangu Ramadhani ya mwaka jana huanguka. Husimama, macho yakaganda, kisha akaenda chini mzimamzima, uso mbele. Vidonge vya daktari wa Msambweni vimepunguza sana, namshukuru Mungu, lakini havijamaliza. Na kifafa chenyewe hakimuumizi kama kinavyomuumiza kile anachokiangukia. Mwezi uliopita ilikuwa ngazi ya kisima. Nyusi ya kushoto ikapasuka.

Tangu siku hiyo mama yake, Mwanakombo, kila akiingia jikoni alikuwa akimfunga kwa leso kwenye tendegu la kitanda. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, kama ingewezekana, ningemshonea kwenye kiuno changu nitembee naye. Lakini mtoto aliyefungwa hukaa akitazama mlango, na kutazama kule kulinimaliza.

Tena akakosa chuo cha Kurani. Maalim Salimu alikuja mwenyewe nyumbani kutueleza, kwa upole, kwamba sakafu yake ni saruji tupu, watoto ni wengi, na yeye hawezi kumwangalia mmoja tu. Anaogopa.

"Mleteni siku kichwa chake kitakapokuwa na kinga," alisema. "Mahali pake hapatakaliwa na mtu."

Mwanasha alikuwa nyuma ya pazia akisikia yote. Wenzake wanakaribia kumaliza juzuu ya Amma, na yeye ndiye aliyekuwa akiwatangulia. Siku hiyo hakula.

Nikaamua kutengeneza kinga. Mimi ni fundi wa nguo. Kofia nimeshona nyingi, ingawa zote zilikuwa za watu wanaosimama wima. Nilimwambia Mwanakombo nataka kitu kigumu nje na laini ndani. Alinitazama kwanza kuona kama ninatania, kisha akauchukua ukili wa miyaa aliokuwa ameuweka kwa mkeka, akausuka mara mbili, akatoa kitu kama kikapu kilichofinyangwa kwa umbo la kichwa cha mwanawe. Mimi nikapasua mto wangu nikatoa sufi, nikaishindilia kwenye vifuko vyembamba nilivyovishona kuzunguka ndani. Kila jioni tulikuwa tukigombana juu yake. Yeye anasema mshono wangu unavuta, mimi ninasema ukili wake umekwenda upande. Mto wangu umebaki foronya tupu, na siku hizi ninalalia mkono.

Kitambaa cha nje alichagua Mwanasha mwenyewe: chekundu chenye maua meupe, mabaki ya nguo ya bibi harusi mmoja. Chini ya kidevu nikatia mkanda wenye kifungo. Na mbele, juu ya kipaji cha uso, kwa kuwa huanguka kifudifudi, nikaweka sufi maradufu mpaka pakatokeza kibaraza kidogo. Sijapata kushona kitu kizuri hivyo tangu nishike sindano, na ninasema hivyo bila haya.

Leo asubuhi akaenda chuoni. Nilifunga duka nikamfuata kwa mbali. Mke wangu nilimwambia ninakwenda kutafuta vifungo, naye anajua kwamba dukani vifungo vimejaa kopo zima.

Watoto walimzunguka mlangoni. Mmoja akaigusa kofia, mwingine akaigonga kwa ngumi, na Mwanasha akasimama ametulia akiwaacha watazame watosheke. Walipokaa, rafiki yake Fatuma alikuwa ameshaanza kumuuliza Maalim na yeye atapata yake lini. Kisha wakasoma. Mimi nilikuwa nje, chini ya dirisha, na katika sauti zote zile niliijua yake. Machozi yalinitoka. Nashukuru manyunyu yalikuwepo, maana mtu aliyelowa haulizwi.

Ilipofika adhuhuri Maalim alitandika mkeka juu ya saruji, akawapanga watoto safu, wavulana mbele, wasichana nyuma, na mimi nikachungulia. Walisimama, wakarukuu, wakasujudu. Vichwa vyote vikafika chini isipokuwa kimoja. Kile kibaraza changu kiligota mkekani kwanza, na kipaji cha Mwanasha kikabaki kikining'inia. Akasukuma, kofia ikateleza ikamfunika macho. Akajaribu kwa upande. Mwisho akafungua kifungo cha kidevuni, akaivua, akaiweka kando vizuri, akasujudu kama wenzake.

Kisha akainuka. Akasimama bila kinga kichwani, juu ya saruji ile, sala yote iliyobaki.

Jioni zote zile za kushona na kugombana, mimi na mke wangu, watu tunaoswali mara tano kila siku, hatukulifikiria jambo hilo hata mara moja.

Maalim alitoka baada ya salamu, na wala hakushangaa kunikuta nimeganda ukutani.

"Nimemwambia yeye ni mdogo, tena ni mgonjwa, na Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake," alisema. "Amenijibu kwamba anajua. Lakini anataka kuweka kipaji chini kama Fatuma."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Ukaidi ule ameutoa kwangu.

Tulirudi pamoja, yeye na kofia yake kichwani, akinihadithia mambo ya chuoni bila kupumua. Tulipofika kwenye ukuta mmoja wa zamani uliobomoka, neno likamkatikia kinywani. Nilikuwa karibu naye kabisa, na bado sikuwahi. Alikwenda chini, uso mbele, juu ya mawe.

Sauti niliyoisikia ilikuwa ya mto unaotupwa kitandani.

Nilimlaza ubavu, nikapiga magoti kwenye matope, nikamzuia mkono usijigonge, nikasubiri mpaka kifafa kikapita. Kisha nikamfungua kofia. Kichwani wala usoni hapakuwa na hata mkwaruzo. Kitambaa chekundu kilikuwa kimechanika pale mbele na sufi inachungulia. Nikamwinua mtoto, nikaibusu ile kofia iliyochanika, na kama kuna mtu alikuwa akipita basi aniite mwendawazimu, haki yake.

Alilala mpaka karibu na alasiri. Alipoamka aliomba uji, kisha akaomba kofia yake.

Ndipo tulipobishana, mimi na Mwanakombo, yeye akiziba mahali ukili ulipoachana na mimi nikitafuta kipande cha kitambaa cha kutilia kiraka.

"Hapa mbele hapaguswi," nilimwambia. "Hapahapa ndipo palipomwokoa leo."

"Usipopagusa, kesho ataivua tena."

"Basi chuoni asiswali. Ataswali nyumbani, mbele yetu."

Aliendelea kusuka. Nilidhani nimeshinda.

"Aswali kwa kukaa, kama mgonjwa yeyote," alisema. "Nawe ifanye hiyo mbele iwe ya kufunuka. Akishakaa mkekani ataifunua, akimaliza ataifunga, ndipo ainuke."

"Na akishikwa wakati ameifunua?"

"Baba Mwanasha," alisema, na hapo aliuacha ukili, "mtoto aliyekwisha kukaa chini na kusujudu, ataangukia wapi?"

Nikaivuta kofia magotini kwangu.

Nikachukua wembe nikafumua hapo mbele pote, ukili na sufi. Kila uzi niliokata niliuona kama ninamvua mtoto ngozi. Nikakigeuza kibaraza kuwa kifuniko, kimeshikwa juu kwa kitambaa, chini kwa vifungo viwili vikubwa ambavyo vidole vidogo vinaweza kuvifungua. Kiraka nikakitia. Hakikufanana kwa rangi, lakini Mwanasha akasema ndicho kizuri.

Alasiri tuliswali nyumbani, sisi watatu. Mimi mbele, Mwanakombo na Mwanasha nyuma yangu, Mwanasha amekaa. Kabla sijaanza nilisikia vifungo vikifunguliwa, kimoja, kisha cha pili.

Imamu hageuki. Sijapata kuijua amri hiyo uzito wake kama leo. Nilisoma, nikarukuu, nikaenda chini, na masikio yangu yote yalikuwa nyuma. Nilisikia nguo zikichakacha. Kisha kimya. Na kimya cha mtoto aliyesujudu na kimya kile kinachokuja kabla hajaanguka, kwenye sikio la baba ni kimoja. Nilikaa na paji langu chini nisijue ninasema nini. Mungu wangu ananijua. Naamini alisikia nilichokuwa nikikiomba, ingawa hakikuwa katika maneno ya sala.

Kisha nikasikia mnong'ono wake, polepole, akimsabihi Mola wake. Mara tatu, kama alivyofundishwa.

Nilipotoa salamu niligeuka haraka kuliko inavyompasa imamu. Alikuwa amekaa palepale, kofia kichwani, kifuniko kimeinuliwa juu. Mkeka ulikuwa umemwachia alama kwenye kipaji cha uso, misuko ya ukili mmoja baada ya mwingine, myekundu. Alikuwa akiipapasa kwa kidole.

"Baba, imejichora?"

Nikamwambia imejichora. Hakutaka kufunga vifungo mpaka mama yake naye aone.

Sasa yuko uani, ninamsikia akicheka. Mama yake yuko jikoni, na ile leso ameivaa kiunoni. Kesho binti yangu atakwenda chuoni na Fatuma, bila mimi. Nitakaa hapa mlangoni nishone. Nimeshamwahidi Mwanakombo, tena mbele ya mtoto. Mungu aitie miguu yangu uzito.