Hongera Aliyonyimwa Hiltje

Workum,
Friesland,
Uholanzi.
11 Agosti 2024.

Mpendwa Baba Mkubwa Sjoerd,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, si kwa sababu nina hamu nayo leo. Goti lako linaendeleaje? Mama Mkubwa Aukje hajambo? Tunasikia huko New Zealand bado ni baridi na kondoo wenu wameanza kuzaa. Sisi huku tu wazima. Baba analalamika mgongo, lakini baiskeli haachi.

Nimemaliza mafunzo yangu ya likizo katika nyumba ya wazee anakotunzwa Shangazi Reinou. Ulimwuliza Baba kwa simu ni utafiti gani huo wa kukaa na vikongwe na kunywa kahawa. Tulikuwa tunachunguza kama wagonjwa wa kusahau wanatunzwa kwa namna inayomkubali kila mmoja alivyo: alikotoka, anachoamini, aliyempenda. Mwalimu alinikataza kumwandika Shangazi katika ripoti kwa kuwa ni damu yangu. Basi niliyoyaona kwake nakuandikia wewe.

Siku yake ya kuzaliwa uliiona nusu tu. Ulikuwa kwenye kompyuta waliyoiweka juu ya kabati, umevaa tai. Viti vilipangwa duara kama kawaida yetu, keki ya machungwa imekatwa, na kila aliyeingia alizunguka akimpa kila jamaa mkono na hongera yake. Hongera kwa dada yako. Hongera kwa shangazi yako. Hata wewe ulipungiwa na kupongezwa huko juu ya kabati. Hiltje alikaa karibu na mlango, na kila aliyefika kwake alisema habari za mchana, basi. Mwanamke aliyelala kitanda kimoja na Shangazi zaidi ya miaka arobaini alisalimiwa kama fundi aliyekuja kutazama bomba.

Shangazi mwenyewe hakujua kuwa sherehe ni yake. Aliona duara, akaona keki, akainuka kutimiza wajibu kama Bibi alivyomfundisha. Akazunguka kutupongeza sote. Mimi nilipewa hongera kwa mama yangu, Baba akapewa hongera kwa ng'ombe, naye hana ng'ombe. Tulikuwa tunacheka. Alipofika kwa Hiltje alimshika kwa mikono yote miwili.

"Hongera kwa mkeo," alimwambia. "Lakini yuko wapi? Keki itaisha."

"Anakuja sasa hivi," Hiltje akamjibu. "Mwekee kipande."

Hapo ndipo ulipokata. Baba alisema ni mtandao, nasi tukajifanya tumeamini.

Kesho yake ulimpigia Bi. Terpstra, meneja, ukamwambia wewe ndiye msimamizi wa Shangazi kisheria, na yule mpangaji asiingie tena, kwa sababu anamchanganya mgonjwa. Mpangaji, Baba Mkubwa? Aliyepaka rangi madirisha yote ya nyumba aliyoishi na Shangazi, aliyemwosha Bibi yetu miaka yake ya mwisho wakati wewe unatuma kadi za Krismasi, leo ni mpangaji. Nilikwenda ofisini kwa Bi. Terpstra nikiwa bado na kitambulisho cha mwanafunzi shingoni.

"Mimi pia ni familia," nilimwambia.

"Hapa wewe ni mwanafunzi, kipenzi. Kaa unywe kahawa."

"Mlangoni mmeandika mnamkaribisha kila mtu."

"Tunamkaribisha. Ila mwenye saini ni Sjoerd wenu, na akikasirika ni mimi ninayefokewa."

Nilikaa, lakini kahawa yake sikuigusa.

Tangu siku hiyo Shangazi hatulii. Anazunguka ukumbini amevaa koti, joto lote hili, akiwauliza wahudumu kama Hiltje ameshakula. Akizidi wanampa dawa ya kumtuliza, na siku inapita amesinzia kidevu kifuani. Ulisema Hiltje ndiye anayemchanganya. Njoo umtazame sasa, uniambie kama huku ndiko kutulia ulikokutaka. Hiltje naye huja na baiskeli yake akasimama ng'ambo ya barabara. Chumba cha Shangazi kiko upande wa nyuma, kwa hiyo hawaonani.

Usinijibu kwamba hawana cheti cha ndoa. Sheria ilipowaruhusu, walikuja kwako kwanza, wakakwambia wanataka kuoana. Ukawasihi wangoje Bibi afe, ati habari hiyo itamuua. Wakakusikiliza. Bibi akaishi hadi miaka mia na moja, na mbele ya mchungaji alikuwa akimwita Hiltje binti yangu. Tulipomzika, Shangazi alikuwa ameshaanza kupotea njia akitoka kununua mkate. Aliyeona aibu ni wewe, si Bibi. Nakwambia wazi kwamba nina hasira na wewe kuliko niliyowahi kuwa nayo kwa mtu yeyote.

Baba amepeleka ombi kwa hakimu uondolewe, na Hiltje awekwe mahali pako. Shauri litasikilizwa mwezi ujao. Unaweza kulipinga, na najua wakili unaye. Au unaweza kumpigia Bi. Terpstra leo, na kesho Hiltje akaingia. Barua hii usijisumbue kuijibu, piga simu hiyo.

Msalimie sana Mama Mkubwa Aukje, ambaye sina ugomvi naye, na wajukuu wote. Baba hakusalimu. Alisema nisiandike hivyo, nami nimeandika. Mungu akulinde, akupe umri mrefu na akili timamu hadi mwisho, ili usisahau lolote katika haya.

Hiltje hajui kuwa nakuandikia. Nilipomweleza habari za hakimu hakufurahi nilivyotarajia. Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, kisha akaniomba jambo moja tu.

"Reinou asisikie kwamba tunashtakiana na Sjoerd," alisema. "Ataumia. Anampenda mno kaka yake."

Ni mimi binti wa mdogo wako, ninayekupenda kwa shida wiki hii,

Jildou.