Maji ya Kombe

Mohoro, 1912

Mdogo wangu mpenzi Kondo,

Hujambo huko Ruaruke? Huku mpunga umekubali. Mwanao Mwanaidi kachumbiwa, nami nimekataa katakata kumwozesha hali wewe babaye u hai. Unajificha kwa kuogopa kuchekwa, eti ulikwenda Vita vya Maji Maji ukiamini maji yatazuia risasi.

Jana Abdurahmani alikucheka barazani. Nikamwambia, "Chuoni sote tulikunywa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani ubaoni, tupate akili. Wewe mbona hukupata?"

Mimi nilisoma kwa Wajerumani, nikawabebea bunduki. Risasi zetu hazikujibu swali lenu: kwa nini tuwalimie pamba kwa viboko?

Njoo uozeshe. Maji ya kunawa nitakumiminia mimi.

Kaka yako,
Huseni