Faili la Jumamosi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Anajulikana kwa wote kama Bibi Ufagio
Umri: Miaka 67 hivi, kwa kukadiria
Kazi: Msafishaji, maabara ya hospitali
Makazi: Nyumba za nyuma ya kiwanda cha magunia, chumba cha tatu

Afande, andika taratibu, maana mimi nikianza kusema sina breki.

Mnamo tarehe 9, Jumamosi, saa nne asubuhi, mdogo wangu wa tumbo moja alilazwa wodi ya wanawake. Huyo nimemlea na kumsomesha mimi tangu mama afariki. Homa, afande, ukimgusa kama sufuria ya motoni. Wakamtoa damu. Saa nane mchana mpimaji akaniambia, "Bibi, majibu ya mgonjwa wako tayari, yako kwenye kompyuta." Nikamwambia nipe nimpelekee, wodi si hapo tu? Akacheka. "Siku hizi karatasi haitembei, Bibi. Yanakwenda yenyewe."

Saa kumi na moja nikamaliza kupiga deki, nikazima swichi kubwa ya ukutani. Mkuu wa maabara alikuwa amesema umeme usiwe unawaka bure Jumapili. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuizima. Hapo nitarudi.

Jumapili nilishinda kitandani kwake. Daktari akaja mara mbili, majibu bado. Mdogo wangu akasema, "Dada, hata damu yangu mvivu kama mimi." Na kweli alikuwa mvivu, kuosha sahani moja mpaka umbembeleze. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nikawasha swichi. Saa mbili daktari akatazama kompyuta ya wodi, hakuna kitu. Akaendelea na dawa ileile, kumbe siyo ya ugonjwa wake. Jumanne, tarehe 12, saa tisa alasiri, alikuwa amenishika kidole hiki. Akakiachia.

Fundi wa kompyuta, tunamwita Miwani, ndiye aliyenieleza. Kompyuta ya wodi kila siku saa moja asubuhi inakuja maabara kuchukua faili lenye tarehe ya jana. Haiambiwi tarehe 9, inaambiwa jana. Jumapili ikakuta pamezimwa. Jumatatu ikaja tena, lakini jana imeshakuwa Jumapili, na Jumapili hakuna aliyepima. Ikarudi mikono mitupu, wala haikumwambia mtu. Faili la Jumamosi likabaki palepale, hakuna wa kuliulizia.

Hiyo ni Jumatano. Akaniuliza, "Bibi, ni wewe uliyezima? Si nilibandika karatasi pale, usizime?" Nikasema sijagusa. Mdogo wangu hajazikwa bado, nami nasema hivyo macho makavu. Kesho yake mkamchukua Miwani, mkisema ameficha majibu.

Karatasi naijua. Nyekundu. Naifuta vumbi kila siku, na ilipobanduka pembe moja niliibandika mwenyewe. Miaka kumi na moja kila karatasi pale naitikia kwa kichwa. Sijui kusoma, afande. Aliyejua hilo ni mmoja tu, marehemu, ndiye aliyekuwa akinisomea barua.

Mwachieni Miwani. Mkono uliozima ni huu. Hayo ndiyo maelezo yangu, sikubakiza kitu.

(Alama ya dole gumba la kulia)

Nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, tarehe 15, saa tano asubuhi, na kumsomea shahidi kwa sauti. Amekubali ni sahihi. Kabla ya kuweka dole aliomba nimwonyeshe neno "usizime" lilipo humu. Nilimwonyesha. Alilitazama kwa muda mrefu.