Mashine Tatu, Kipimajoto Kimoja

Nyumbani, chumba cha mashine
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Wifi hajambo? Kifua chako kimepoa, au bado unakohoa na kujidai mzima? Sisi huku miili haijambo. Moyo wangu ndio mgonjwa.

Najua unajiuliza kwa nini Mama hapokei simu zako. Anaamini programu yako ndiyo iliyomuulia vifaranga. Kaka, si wewe. Ni mimi.

Unakumbuka ulivyoziandikia mashine zake tatu za kutotolea maagizo yaleyale mara tatu, kila mashine na yake? Nilikucheka, nikasema unarudia maneno kama kasuku. Ulipoondoka nikajitia ufundi. Nikafuta yote, nikaandika fanksheni moja tu, yaani agizo moja la kutumiwa na mashine zote: unaitajia mashine, inapima joto, inawasha au kuzima taa ya kupasha mayai. Ikawa fupi, safi, nikajiona bingwa.

Kumbe ndani ya agizo hilo niliacha jina la kipimajoto cha mashine ya kwanza, ile ya dirishani penye baridi. Hata ilipotajiwa ya tatu, ilisoma joto la ya kwanza na kuacha taa ikiwaka. Ya pili, kwa bahati, ilikuwa tupu, lakini mayai yote ya ile ya tatu yakaiva. Mama aliyavunja moja moja kwenye beseni, akitafuta hata kifaranga mmoja aliye hai.

"Huyu kakako!" akasema. "Kazi zake za haraka haraka!"

Beseni nilikuwa nimelishika mimi. Nikanyamaza. Hilo linanitia aibu kuliko kosa lenyewe.

Unaijua nyumba yetu: redio ikizimika, ni wewe, kikombe cha Baba kilipovunjika, ni wewe. Lawama yako iko tayari siku zote, haihitaji kuandikwa upya. Nami niliitumia.

Leo baada ya chakula nimemwambia Mama yote. Nilitegemea anichambe. Badala yake akauliza, "Na kile kikombe, alikivunja nani?"

Nacho ni mimi, Kaka. Nikamwambia.

Tangu hapo amekaa na simu mapajani, anasema hajui aanzie wapi. Barua hii ikikufikia kabla yake, tafadhali mpigie wewe.

Baba anakusalimu, na fundi cherehani wa jirani anauliza suruali yako utaichukua lini. Mbusu Wifi. Mungu akupe afya, na kifua cha kunivumilia.

Wako akupendaye, japo hastahili,
Kiherehere wenu