Matope Uliyonikataza Kuyaamsha

Akko, bibi yangu mpendwa,

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili, hata wewe ulipokuwa hai. Diima hakufa kwa kabichi za jirani yetu Mama Kendi. Nadhani alikufa kwa sababu yangu.

Ulimpenda sana Diima, yule mwanambuzi mwekundu. Mama yake alipokufa tulimlea kwa chupa, hapa hapa Chechelesi. Siku hizo tulikuwa tukienda pamoja silanga, bwawa letu la maji ya mvua, wewe na debe lako, mimi na sufuria. Ulikuwa ukiinama na kuchota maji ya juu kwa kikombe, polepole, kana kwamba kuna mtoto amelala chini yake. Siku moja niliingiza mguu.

"Usiamshe matope," ulisema.

Nikauliza kwa nini. Ulinionyesha kwa kidevu kona ya mbali, pale mfereji wa josho la zamani unapoingia. Ng'ombe walikuwa wakioshwa kwa dawa ya kupe, na dawa ikichakaa ilimwagwa, ikafuata mfereji huo.

"Lakini josho lilifungwa, Akko. Na maji ni safi."

"Maji ni safi, ndiyo. Mimi nimekuambia matope."

Maneno hayo hayakuniacha. Mwalimu wa jiografia alitufundisha kwamba maji yakitulia, mchanga hutangulia kuzama, kisha udongo laini, tabaka juu ya tabaka. Nikawaza kwamba chini ya silanga kuna kitabu kilichofungwa, ukurasa wa kwanza ukiwa chini kabisa. Nilitaka kukisoma. Ulipokwenda sokoni Jumamosi, nilichimba ile kona kwa kijiko. Juu palikuwa na udongo wa kahawia. Kiasi cha kiganja kwenda chini, ukawa mweusi tii, wenye harufu ya dawa iliyosahauliwa kabatini. Nikauleta nyumbani kwenye karai, nikatia maji, nikakoroga, nikakaa kutazama. Mchanga ulizama mara moja. Ule weusi ulibaki ukielea kama moshi. Nikaingia ndani kuchukua daftari nichore, na nilipotoka Diima alikuwa ameingiza mdomo.

Asubuhi hakuamka. Wewe uliona majani ya kabichi ambayo jirani yetu alikuwa amemtupia, ukaenda kwenye ua uliotutenga naye.

"Wewe naleta kabichi, mbuzi yangu nakufa."

"Mama mzee, hiyo kabichi mimi nakula kila siku na sijafa."

"Wewe si mbuzi."

Mama Kendi alicheka. Wewe hukucheka, na tangu siku ile vikombe vya chai havikupita tena juu ya ua. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, daftari mkononi. Niliweza kueleza tabaka za udongo lakini sikuweza kusema "ni mimi". Ulipofariki alikuja msibani, akakaa karibu na lango kama mgeni.

Bado najiuliza, Akko. Mbona dawa haikuondoka na maji miaka yote hiyo? Je, inashika matope kama wino unavyoshika karatasi? Na kama imelala tu, mtu akiiamsha inakwenda wapi? Vitabu vya shule havisemi. Wewe hukusoma hata kimoja, na ulijua pa kuchota. Natamani ningekuuliza ulijuaje, badala ya kwenda kuchimba.

Juzi silanga ilikauka, na tingatinga limekuja kuikwangua. Matope yanagawiwa bure kwa wenye shamba. Mama Kendi ameomba lori la kwanza, ayatandaze kwenye sukuma wiki zake. Nilimkuta jana kwenye rundo la ile kona, anasugua donge kati ya vidole, amefurahi.

"Ona, Qabale. Kwetu Meru udongo mweusi ndio chakula."

Nikamwacha na donge lake, nikarudi nyumbani.

Mola akupumzishe, Akko, na unisamehe. Nilichofanya leo ni hiki.

Nilitoa karai nyuma ya pipa, mahali nilipolificha, nikabisha hodi kwa Mama Kendi. Nikamwambia yote, kuanzia kijiko hadi kabichi. Alilitazama karai.

"Miaka yote hii?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi niliacha kupanda kabichi."

Akajifunga leso, tukaenda kumweleza msimamizi wa tingatinga. "Binti, matope ni matope," aliniambia. Mama Kendi akamjibu, "Basi lori la kwanza lipeleke kwako." Msimamizi akamtazama, kisha akaniuliza ni wapi. Nilichimba kwa jembe la mkono mpaka kahawia ilipogeuka nyeusi. Akainama, akanusa. Akachomeka vijiti vinne kuizunguka kona na vingine kwenye lile rundo, akamwambia dereva asiguse hapo mpaka mtu wa ofisi ya maji afike.

Nilinawa mikono mara tatu. Nikatoboa karai kwa msumari asije mtu akalitumia, nikalifukia mbali na mfereji. Kisha nikapika chai, nikampitishia Mama Kendi kikombe juu ya ua.

Mjukuu wako,
Qabale