Kijiji Kinachoungua Kila Mara

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nimekamua Gaju, ngombe wangu. Kikombe kimoja, na nusu yake povu. Anakula majani ya kando ya barabara ya Mweso. Na yeye iko mukimbizi kama sisi. Magoti yanauma. Mvua.

Jospin, mujukuu wangu, muntu muzima wa ndevu, amelala chali na telefone usoni. Anacheza ule muchezo wa hadithi: unakuwa kijana mwenye panga, unazunguka nchi, unaua, unapanda niveau, ngazi kwa ngazi. Nimechungulia. Kijiji kinaungua. Nikauliza nani amekichoma, na sababu gani.

"Babu, hiyo iko mwanzo tu. Lazima kiungue, shujaa apate kuondoka."

Lazima! Hata padiri hasemi lazima namna hiyo.

Jumatano, tarehe 5
Nimemusumbua tena. Nimejifunza mambo. Shujaa anaingia nyumba za watu bila hodi, anavunja vyungu, anabeba kilichomo, na mwenye nyumba anamushukuru. Mashujaa wa namna hiyo ninawajua. Walipita kwetu Muheto. Hatukushukuru.

Tena kuna muzee kando ya uzio. Ukimugusa anasema: "Nenda, mwanangu, ukalipe kisasi." Ukimugusa tena, maneno yale yale. Hana bibi, hana choo, hana hata kikohozi. Nilicheka mpaka meno yangu yaliyobaki yakacheza.

Kisha nikaacha. Jospin alikuwa anasoma yale maneno kwa midomo, polepole, kama katekisimu.

Alhamisi, tarehe 6
Baraka amekwenda kwa vijana wa mulimani. Rafiki wa Jospin. Walichunga pamoja Muheto. Ametuma ujumbe: njoo, bunduki ziko. Jospin alinisomea na uso unang'aa. Atamufuata Jumapili, misa ikitoka.

Ninaogopa. Basi.

Ijumaa, tarehe 7
Nimefanya ubaya, na ninafurahi.

Telefone ilikuwa inachajiwa kwa Mama Sifa, jirani mwenye panneau ya jua. Nikaenda kuichukua. Nikafungua muchezo. Vidole vyangu viko kama mihogo, lakini nilifika sokoni. Nikauza panga la shujaa. Nikamununulia ngombe. Muntu mwenye akili angefanya nini kingine sokoni?

Ngombe yenyewe aibu. Haikamuliwi. Haina jina. Imechorwa pale ili majani yasikae peke yao. Nikaketisha shujaa katika kijiji cha karibu, tukangoja. Hakuna kilichotokea. Aliyetunga hadithi hakufikiri kama kuna muntu atapenda kubaki.

Jospin alinifokea mbele ya Mama Sifa.
"Babu, umeniharibia! Hata sauvegarde ya zamani, pale nilipokuwa nimefika, umefuta! Nitarudia yote!"
"Nimekupa ngombe."
"Ngombe haipandishake niveau!"
"Njo maana wewe na shujaa wako hamna mali."

Mama Sifa alicheka akashika mbavu. Jospin hapana.

Jumamosi, tarehe 8
Ametayarisha mufuko. Nikamuambia muchezo wake iko uongo. Akanirudishia:
"Na uongo wako wa hadithi, babu? Yule kijana aliyepasua tumbo la zimwi na kutoa kijiji kizima? Si wewe njo ulinisimulia?"

Amenipata. Nilitafuta jibu muchana wote. Nikalipata nikiwa nimeshika chuchu za Gaju. Kijana wangu anarudi! Hadithi yangu haiishi zimwi likianguka. Kijana anafika nyumbani na moshi mwilini. Ngombe inakataa kumutolea maziwa. Anaoga, inakataa. Anaoga tena. Mama yake anamuwekea chakula kwa mbali. Pale njo kazi inaanza. Ile ya telefone inakatika zimwi likifa; inapiga muziki na kukupongeza, kwisha.

Nikamuita nimusimulie. Kwetu mwenye kusikiliza anaitika "Eee" kila kipande. Asipoitika, musimulizi ananyamaza. Nikatoa kipande cha kwanza. Akafunga zipu ya mufuko.

Nikanyamaza.

Jumapili, tarehe 9
Habari ilifika kanisani mbele padiri hajaingia. Baraka amekufa. Upande wa Walikale, karibu ya Mubi. Hakukaa na bunduki hata juma moja. Hakufika hata niveau ya pili. Naandika hivyo. Ni muzaha, na sina kingine.

Maiti hakuna. Mama yake ameketi mulangoni na jaketi la mwanawe juu ya magoti. Analikunja, analikunjua.

Jospin hakuondoka. Hakulia pia. Alifungua telefone akaanza muchezo upya. Kijiji kikaungua. Akazima, akafungua. Kikaungua. Tena. Alikuwa anatafuta pa kubonyeza ili kisiungue. Aligusa watu, aligusa kisima, aligusa yule muzee kando ya uzio. Nenda, mwanangu, ukalipe kisasi. Nilitaka kumupiga yule muzee ngumi, muzee mwenzangu wa bure.

Sisi njo kile kijiji. Hadithi za wengine zinaanzia kwetu, kisha zinakwenda zao. Hakuna anayeuliza nani alibaki, na alikula nini.

Jumatatu, tarehe 10
Hakuna kitu. Gaju ametoa kidogo. Nimemutania Jospin juu ya ndevu. Akavuta blanketi usoni. Nikaona haya.

Jumanne, tarehe 11
Manyunyu. Mufuko wa Jospin bado uko mulangoni kwetu, na zipu yake imefungwa.

Asubuhi nilikwenda kukamua. Jospin akaja, akashika kamba ya Gaju bila kuombwa. Sikumuangalia. Nikaanza kusimulia, kwa ngombe kuliko kwake: zimwi limekwisha kuanguka, kijana anarudi nyumbani, ananuka moshi.

Nikangoja. Maziwa yaliingia kikombeni. Kwenye barabara pikipiki ikapita na watu wawili na godoro.

"Eee," akasema.

Nikaendelea.