Debe la Kiyeyushi na Mwalimu Pembesita

MAELEZO YA SHAHIDI
(ambaye pia ndiye mlalamikaji)

Jina analojulikana nalo: Fundi Gundi
Umri: miaka 38
Kazi: fundi viatu, mwenye karakana
Makazi: vyumba viwili nyuma ya karakana hiyo hiyo
Siku na saa: Ijumaa tarehe 9, kuanzia saa 7:50 mchana

Mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimeelewa.

Jana nilipiga simu kituoni hapa nikasema nimeibiwa. Leo nimekuja kueleza ilivyokuwa, kuanzia mwanzo, na afande amenitaka niende taratibu.

Mtuhumiwa ninamfahamu. Alinifundisha kemia sekondari kwa miaka miwili. Wanafunzi tulimwita Mwalimu Pembesita kwa sababu hakupita ubao bila kuchora umbo la pembe sita na duara katikati. Amestaafu, ana miaka 71. Kemia yenyewe nilifeli, lakini yeye ndiye aliyemshawishi marehemu baba aniache nijifunze ushonaji wa viatu. Alimwambia, "Mzee mwenzangu, huyu mikono yake ina akili kuliko daftari lake." Sijamsahau kwa hilo.

Mnamo Jumatatu tarehe 5, saa 3:15 asubuhi, Mwalimu alikuja karakana na viatu vyake vyeusi vilivyoachia soli. Nilikuwa kwenye cherehani. Mke wangu alikuwa mezani akipaka gundi. Kazi ya gundi ni yake tangu mwaka jana: anaizimua kwa kiyeyushi kutoka kwenye debe la lita ishirini, anapaka, kisha anapangusa kingo kwa kitambaa kilicholoweshwa kiyeyushi hicho hicho. Chumba kina dirisha moja, nalo nilikuwa nimeliziba kwa maboksi.

Mwalimu aliuona mkono wa mke wangu. Ulikuwa na mavilio ya damu, makubwa kama sarafu, mengine ya bluu, mengine yameanza kuwa ya njano. Akanitazama mimi. Halafu akamwuliza yeye kwa sauti ya chini, lakini niliisikia, "Mwanangu, huyu anakupiga?"

Mke wangu alicheka hadi akaweka brashi chini. Akasema, "Huyu? Mwalimu, huyu hata mende anamfungulia mlango."

Mwalimu hakucheka. Aliuliza yalitoka wapi. Mke wangu akasema yanatokea tu, hata akijigonga kidogo. Akaongeza kwamba anachoka siku hizi, na akipiga mswaki fizi zinatoa damu. Hilo la fizi mimi nilikuwa silijui. Naomba liandikwe kwamba nilikuwa silijui.

Mwalimu alikiokota kitambaa, akakipitisha mbali kidogo na pua, akakirudisha. Akauliza kiyeyushi ni cha aina gani. Nikamwonyesha lebo: "Kiyeyushi cha gundi. Hakina benzeni." Akaomba kidogo kwenye kichupa. Nikampa, naye akaondoka.

Afande ameniuliza kama benzeni ndiyo petroli. Nimejibu hapana, ingawa hata mimi nilidhani hivyo.

Mnamo Jumatano tarehe 7, saa 10 jioni, alirudi. Alikuwa amekwenda kwenye maabara ya shule yetu ya zamani, ambako mtunza maabara ni mwanafunzi wake pia. Akasimama mbele ya meza kama yuko darasani. Akasema ametia matone ya kile kiyeyushi kwenye maji ya bromini, ambayo yana rangi ya chungwa iliyokoza. Vimiminika vingi vyenye bondi maradufu, yaani kaboni zilizoshikana kwa mikono miwili, huimaliza rangi hiyo papo hapo. Hiki hakikuimaliza. Amechoma tone moja, likatoa moshi mweusi wenye masizi. Akakifunga kichupa barabara na kukiweka kwenye friji ya maabara, kikaganda kama barafu wakati maji ya jirani yake hayajaganda.

Akasema, "Dalili moja moja hazitoshi. Zote tatu kwa pamoja, na ile harufu tamu, ni benzeni."

Mke wangu aliuliza kama kitu kisichotaka hata kugusana na bromini si ndicho kipole zaidi. Mwalimu alifurahi mno kwa swali hilo, niliona. Akachukua chaki yangu ya kuwekea alama ngozi, akachora juu ya meza. Kaboni sita zimeshikana kwa mduara, kila moja na hidrojeni yake. Kila kaboni inabakiwa na elektroni moja, na elektroni hizo hazikai kati ya jirani huyu na yule tu, zimeenea mduara mzima, ni za wote sita. Ndiyo maana bondi zake zote zina urefu mmoja, na ndiyo maana ni tulivu. Hata ukiilazimisha kwa asidi kali au kichocheo, inatoa hidrojeni moja na kupokea kitu kingine mahali pake. Mduara wenyewe hauachii.

"Sasa mwanangu," akamwambia, "ukiivuta kwa pua, ini lako linahangaika kuivunja. Vinavyozaliwa katika kuhangaika huko ndivyo vinavyokwenda kuumiza uboho wa mifupa, kule damu inakotengenezwa. Utulivu wake ni wa kwake, si wako."

Akaniambia niache kukitumia siku hiyo hiyo. Nilikuwa na jozi sitini za viatu vya wanafunzi za kumaliza kabla ya shule kufunguliwa. Nikamwambia lebo inasema hakina. Akasema, "Lebo ameandika anayeuza." Nikamjibu, "Mwalimu, hapa si darasani."

Akapangusa chaki mezani kwa kiganja chake, akachukua viatu vyake kabla sijavimaliza, kimoja kikiwa bado soli inaning'inia, akatoka.

Mke wangu alimsindikiza hadi nje.

Mnamo Alhamisi tarehe 8, saa 4:00 asubuhi, nilitoka kununua uzi. Niliporudi saa 4:40 debe halikuwepo, mke wangu hakuwepo, na mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Fundi cherehani wa jirani aliniambia amemwona mzee wa shati jeupe akiondoka na toroli. Nikapandwa na hasira nikapiga simu. Nilisema, "Kuna mwizi, ni mzee, hajafika mbali." Hayo ni maneno yangu.

Askari walinipigia kuniita, nikafika kwenye lango la ile shule yetu ya zamani saa 5:10. Askari wawili walikuwa wameshamkamata Mwalimu. Debe lilikuwa kwenye toroli, limefunikwa gunia lenye maji lisipate jua. Aliyeshika mipini ya toroli alikuwa mke wangu.

Aliniambia, "Mimi ndiye niliyemwita. Mimi ndiye niliyefungua mlango, na mimi nimesukuma tulipeleke maabara. Umemfunga nani sasa?"

Askari hawakumsikiliza, kwa sababu mimi ndiye niliyepiga simu na niliambiwa nithibitishe kama debe ni langu. Nikasema ni langu. Mwalimu aliondoka nao bila kubishana. Aligeuka mara moja tu, akaniambia, "Mpeleke apimwe damu leo. Usingoje mimi nitoke."

Nilimpeleka. Saa 9 alasiri daktari alisoma karatasi mara mbili. Alisema chembe nyeupe za damu zimepungua, na chembe za kugandisha damu zimepungua zaidi. Akauliza anafanya kazi gani. Alipojibiwa, akasema asirudi kwenye chumba kile, na kwamba mara nyingi uboho hujirudi mtu akiwahi. Atapimwa tena baada ya wiki mbili. Mimi pia nimetolewa damu.

Mwalimu amelala mahabusu kwa simu yangu. Leo asubuhi nimemwona kupitia kidirisha. Nilitaka kumwomba radhi, akaniwahi. Akaniuliza chembe ngapi. Nikamtajia. Akafumba macho, akasema, "Tumewahi. Nadhani tumewahi."

Sikuibiwa. Debe lilitolewa na mke wangu, ambaye karakana ni yake kama ilivyo yangu. Malalamiko ninayafuta. Naomba debe lisirudishwe kwangu, na lisikae ndani ya chumba wanamokaa watu. Namba ya muuzaji nimeiacha kaunta.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, na hakuna ninachotaka kukipunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Mimi, koplo wa zamu, nimeyaandika haya na kumsomea shahidi kwa sauti saa 9:20 alasiri. Amekubali kwamba ni sahihi. Mtuhumiwa alikuwa ameshaachiwa huru na alisikiliza akiwa kwenye benchi, ameketi kati ya shahidi na mke wa shahidi. Debe limetolewa stoo ya vielelezo na kuwekwa uani kivulini, na karani wa stoo ameelekezwa akapimwe damu.

Masahihisho: ukurasa wa pili niliandika "kaboni tano". Nimekata, nimeandika "sita", kwa ombi la mzee wa benchi. Amekataa kwenda nyumbani hadi nilichore umbo lenyewe pembeni mwa karatasi. Nimelichora. Amesema duara nimelifanya dogo, lakini atanipa alama.